Lebo Kwanza

Wodi ilimbandika jina la Profesa siku ya kwanza tu, kabla hajapewa hata kabati la kuwekea mkoba. Profesa hakuwa. Alikuwa daktari ambaye katikati ya mafunzo yake alitoka wodini akaingia maabara kusomea shahada ya uzamivu, akakaa huko miaka mitano akichunguza figo za panya, na sasa alikuwa amerudi kumalizia udaktari alioacha njiani. Aliosoma nao darasa moja walikuwa mabingwa. Aliowaacha nyuma walikuwa mbele. Na lile koti lake jeupe la zamani, alilolitunza sandukuni kama nguo ya harusi, lilimbana makwapani.

Hospitali ilikuwa na utaratibu kwa watu wa namna yake, wa wiki nane. Mtu hupewa kijitabu cha kijani chenye kurasa thelathini, kila ukurasa na kazi yake moja: kusikiliza kifua, kuweka mpira wa mkojo, kushona jeraha, kuandika dawa. Mwenye kijitabu huifanya kazi hiyo mbele ya Sista Mkuu, au Sista Mkuu humwonesha inavyofanywa, kisha ukurasa hutiwa sahihi. Sista Mkuu alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, aliyetembea polepole na kufika kila mahali mapema. Alimwambia maneno yaleyale aliyowaambia waliotangulia.

"Wiki nane hizi hakuna swali la kijinga. Ya tisa ndiyo tunaanza kucheka."

Profesa alicheka, na hakuuliza swali hata moja.

Aibu yake ilikuwa na historia. Katika miaka ile mitano alitakiwa kuja wodini kila Alhamisi mchana ili mikono isipoe. Mwaka wa kwanza alikuja. Wa pili alikuja huku akitazama saa. Kuanzia wa tatu hakuja kabisa, maana panya hawajui Alhamisi, na kila alipokusudia kwenda alizikumbuka wiki alizokosa, uso ukawa mzito. Aibu ya wiki moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, mpaka ikawa ukoo mzima.

Tena mkuu wa wodi alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa. Alimshika kidole siku ile akamwambia, "Usiutafute kwa macho, utaufukuza." Sasa kijana alikuwa Bingwa, na kila mtu alimwita hivyo. Kwenye korido Bingwa alimwita "dada", mbele ya wagonjwa alimwita "daktari", na mara zote mbili sauti yake ilikuwa na uangalifu wa mtu aliyebebeshwa mayai yasiyo yake.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wa kuchukua damu ya kupima kundi, kwa mgonjwa anayetarajiwa kuongezewa damu. Sista Mkuu alishika kalamu akauliza, "Hii nikuoneshe?"

"Hii naijua."

"Nilidhani hivyo." Akatia sahihi.

Na kweli aliijua, isipokuwa kitu kimoja kidogo. Katika maabara sheria ya kwanza ilikuwa lebo. Mwalimu wake wa huko alikuwa akipita na ndoo, na akikuta kichupa kisicho na lebo anakitupa bila kuuliza, hata kama kimebeba kazi ya mwezi mzima. Aliyeandika lebo zake mapema, akazipanga mezani kabla hajamgusa mnyama, ndiye aliyehesabiwa mtu makini. Wodini mambo ni kinyume. Kichupa huenda kitandani kikiwa kitupu na kisicho na jina. Damu huingia, mgonjwa hutaja majina yake mwenyewe, ndipo lebo huandikwa, palepale, kabla mtu hajainua mguu. Panya hana jina la kujitajia, mtu analo. Profesa alifundishwa hilo zamani. Lakini mkono uliofanya jambo moja kwa miaka mitano haukumbuki ulichofundishwa zamani, na yeye hakuuliza.

Zaidi ya hapo, kuandika lebo mapema kulimfichia siri. Mikono yake ilikuwa mizito kuliko ya vijana. Basi akawa anafika wodini kabla ya wote, anajifungia katika chumba kidogo cha sindano, anavipanga vichupa vyake na majina ya wagonjwa, ili akifika kitandani asionekane akihangaika.

Jumatatu ya wiki ya tatu alikutwa humo na daktari mmoja wa mafunzo, binti aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo.

"Aisee, Profesa. Lebo zote tayari? Mimi kila nikitoa damu nasimama pale kitandani naandika kama karani, mgonjwa ananihesabia dakika."

"Lebo kwanza," Profesa akasema. "Ukishaandika mapema, akili yote inabaki kwenye sindano."

"Hii naiiba."

"Iibe."

Lilikuwa jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wodini alitaka kujifunza kwake. Siku ile alitembea akiwa na mabega mapana kidogo.

Jumanne asubuhi alikuwa na wagonjwa wawili wa kutoa damu, vitanda vilivyopakana. Cha saba kilikuwa na dereva wa lori mwenye figo mbovu na upungufu wa damu. Cha nane kilikuwa na mzee fundi saa, mtu mkimya, ambaye vidonda vya tumbo vilimtapisha damu mara mbili. Profesa aliweka vichupa viwili kwenye trei moja, kila kimoja na jina lake.

Mshipa wa dereva ulikataa. Akachoma mara ya kwanza, patupu. Ya pili, patupu.

"Daktari," dereva akasema, "kama unachimba kisima niambie, nilete na ndoo."

Kitanda cha tano wakacheka. Cha sita wakacheka. Profesa alihisi moto unapanda kutoka shingoni. Mara ya tatu damu ikaja, akanyoosha mkono kwenye trei bila kuangalia, akachukua kichupa, akakijaza, akakirudisha. Kisha akamgeukia fundi saa, ambaye mshipa wake ulikuwa wazi kama kamba, akachukua kichupa kilichobaki. Akaondoka haraka. Alichokitaka ni kutoka pale tu.

Saa nne na nusu simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao, aliyefanya kazi benki ya damu ya hospitali hiyohiyo. Nyumbani walimwita Kitinda, hata baada ya kuwa na funguo na meza yake.

"Dada, njoo dirishani."

"Nina raundi."

"Njoo sasa hivi."

Dirisha la benki ya damu lilikuwa dogo, na kioo chake kilifunguka nusu tu. Kitinda alikuwa amevaa glavu. Mbele yake palikuwa na vichupa viwili.

"Huyu dereva alilazwa hapa mwaka juzi alipopata ajali," akasema kwa sauti ya chini. "Kwenye rekodi ni kundi A. Leo amekuwa O. Watu hubadili dini, dada, hubadili hata wake. Kundi hawabadili."

Profesa aliinama karibu na kioo.

"Na huyu fundi saa hana rekodi. Kichupa chake kinasema A. Chupa mbili za A nimeshamtolea, ziko kwenye trei. Kama dereva asingepata ajali mwaka juzi, saa hizi mzee anaingiziwa."

Profesa alivitazama vile vichupa, na mwandiko wake mzuri juu yake. Sasa alijua fundi saa ndiye wa kundi O, na alijua damu ya A ingemfanya nini. Kwa miaka mitano hakufanya kazi nyingine ila kutazama jinsi figo zinavyokufa.

"Nilivichanganya," akasema.

"Najua ulivichanganya." Kitinda akatazama nyuma yake, kisha akamtazama dada yake, na kwenye uso ule Profesa akaona miaka yote: karo iliyoenda kwake kwanza, mama akimtaja kwa majirani kama mtaji wa familia, Kitinda akisubiri zamu yake ambayo haikufika. "Kosa kama hili lina fomu yake. Fomu inaenda juu. Wewe ndiyo kwanza una wiki tatu. Nitaandika zimeganda. Damu ikiganda haina mwenyewe. Lete nyingine, kila moja peke yake, na hizi nazimwaga."

Angeweza kusema hapana. Maneno yalikuwa mafupi, hata mtoto angeyamudu. Alisimama pale, akanyamaza, na Kitinda akahesabu kunyamaza kule kama jibu. Akaandika.

Profesa alirudi kwa dereva, kisha kwa fundi saa. Mzee alikunja mkono wa shati tena bila kuambiwa.

"Ile ya asubuhi mmeipeleka wapi?"

"Iliganda, mzee. Samahani."

"Usijali, mwanangu. Kazi ya mikono hurudiwa." Akatazama trei. "Sasa umekuja na kichupa kimoja. Afadhali. Mimi mezani kwangu saa mbili haziwi wazi kwa wakati mmoja. Naifunga hii ndipo naifungua ile. Asubuhi niliona viwili pamoja, nikasema moyoni, kila fundi na mtindo wake."

Profesa alifunga mpira kwenye mkono wa mzee na hakuinua macho. Mzee, akidhani ni ile mizaha ya dereva iliyomuumiza, akampigapiga kwenye kiganja. "Utazoea," akamwambia.

Mchana ule fundi saa aliongezewa damu ya O, chupa mbili, na jioni midomo yake ilianza kurudiwa na rangi. Nyumbani mama yao alikuwa amepika mapema. Aliuliza, kama alivyouliza kila siku, "Leo umeponya wangapi?" Kitinda alikuwa akichukua chumvi. Aliiweka chini bila kuitumia.

"Wote wazima, mama," Profesa akasema.

"Nilimwambia jirani. Nikamwambia, wa kwangu ni daktari mara mbili."

Kitinda akainuka kuosha sahani yake ingawa ilikuwa bado na chakula.

Siku mbili zikapita, na Profesa akaanza kuamini kwamba jambo likikaa kimya mwishowe hufa. Alibadilisha mtindo wake kimyakimya. Akawa anaandika lebo kitandani kama inavyotakiwa, na mtu yeyote asingejua kama aliwahi kufanya vingine. Alimsahau mtu mmoja.

Ijumaa, saa mbili kasorobo asubuhi, alifungua mlango wa chumba cha sindano. Chiriku alikuwa ndani, anaimba kwa pua. Mbele yake palikuwa na vichupa sita vimepangwa kwa mstari, vitupu, vyote na majina.

"Profesa, tazama kazi. Lebo kwanza."

Profesa alishika mlango.

"Unaenda navyo wapi?"

"Vitanda sita, raundi moja, narudi kunywa chai. Tena nimewaonesha na wenzangu wa wodi ya pili. Jana wamemaliza damu zote kabla ya saa tatu. Wanakuulizia, wanataka kujua umejifunza wapi."

"Toa hizo lebo."

"Zote? Nimeandika nusu saa."

"Zote. Na wapigie wa wodi ya pili, sasa hivi, waambie wasimame."

Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikaa bila neno kwa muda ambao mtu angeweza kuuhesabu. "Kwani kuna nini?"

"Kuna kosa."

"La nani?"

Profesa alianza kubandua lebo kwa kucha. Karatasi zilichanika, gundi ikabaki. Kumzuia Chiriku kungewezekana kwa neno moja, lakini wodi ya pili ingehitaji sababu, na wodi ya tatu pia, maana jambo jema husafiri na baya lililofanana nalo husafiri vilevile. Sababu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na majina mawili ndani yake, lake na la mdogo wake.

Akatoka kwenye korido, akapiga simu.

"Kitinda. Vijana wanafanya vile nilivyofanya. Mimi ndiye niliyewafundisha. Nitasema kwenye mkutano wa asubuhi."

Upande wa pili palikuwa na mlio wa jokofu kubwa, halafu pumzi.

"Na langu utalisema?"

"Wataliuliza. Imeandikwa zimeganda."

"Mimi nilikuficha, dada."

"Najua."

"Hujui. Kama ungejua ungesema Jumanne, dirishani, nikiwa bado sijashika kalamu." Kitinda akafunga mlango wa jokofu. "Basi niache nimwambie mkuu wangu mwenyewe, kabla hajaambiwa. Nipe dakika kumi."

"Mkutano unaanza saa mbili kamili."

"Nipe tano, basi."

Mkutano wa asubuhi ulifanyika katika chumba cha mafaili, watu kumi na wawili kwenye viti tisa. Bingwa alisimama dirishani na orodha ya wagonjwa. Alipomaliza akauliza kama kuna lingine, kwa sauti ya mtu asiyetarajia lingine.

"Kuna jambo la vichupa vya damu," Profesa akasema. "Inaweza kutokea mtu akaandika lebo mapema, kabla ya kufika kwa mgonjwa. Nilitaka kukumbusha kwamba ni hatari."

"Ni kweli," Bingwa akasema. "Imetokea?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angesema anasikia inatokea, kwingine huko, na wote wangetikisa vichwa. Chiriku alikuwa akimtazama kwa macho makubwa.

"Imetokea. Jumanne, kitanda cha saba na cha nane. Damu ya mmoja iliingia kwenye jina la mwenzake. Ni mimi. Benki ya damu waligundua kwa bahati, wakaandika zimeganda ili nisiadhibiwe. Na mtindo huo nimewafundisha wengine, nikawaambia ni umakini."

Katika chumba kile mtu fulani alikuwa akibofya kalamu. Akaacha.

"Cha nane," Bingwa akasema polepole, "ni fundi saa."

"Ndiyo."

"Tungempa A."

"Ndiyo."

Profesa alitarajia ukali. Alikuwa amejitayarishia ukali. Lakini Bingwa aliinamisha kichwa kwenye orodha yake kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. "Mimi sikukuangalia hata mara moja ukitoa damu," akasema. "Kila mtu anayerudi nasimama naye siku ya kwanza. Wewe niliona haya. Nitamsimamiaje mtu aliyenifundisha."

"Na ukurasa wa kumi na moja una sahihi yangu," Sista Mkuu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Niliuliza nikuoneshe, ukasema unaijua. Nikajiambia, mtu wa digrii zote hizo, nani mimi. Kumbe heshima yangu ilitaka kumuua mzee wa watu." Akamnyooshea Profesa mkono. "Lete kijitabu."

Alikitoa mfukoni. Sista Mkuu alikifungua, akachora mstari juu ya sahihi yake ya ukurasa wa kumi na moja. Kisha akarudi nyuma, ukurasa wa kumi, wa tisa, wa nane, akaendelea kuchora bila haraka mpaka wa kwanza. Mstari wa kalamu ulisikika chumba kizima.

"Tunaanza upya," Bingwa akasema. "Wiki nane. Na fomu utaijaza wewe, leo, mimi nitaisaini. Mgonjwa anatakiwa kuambiwa."

"Nitamwambia mimi."

Dereva aliambiwa kwanza, akapiga mluzi mrefu, akasema kumbe ile ajali ilikuwa na faida. Fundi saa alikuwa ameketi, mto mgongoni, na alisikiliza mpaka mwisho huku akitazama ukuta. Profesa alimweleza yote: trei, vichupa viwili, A na O, na kwamba damu ile haikuganda.

"Kwa hiyo mimi Jumanne," mzee akasema, "nilikuwa nakufariji juu ya uongo."

"Ndiyo, mzee."

"Nikakupigapiga kiganja."

"Ndiyo."

Akarudia kutazama ukuta. Hakumwita mwanangu. Sista Mkuu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na trei mkononi, maana damu ya kipimo hukubalika siku tatu tu, ya Jumanne ilikuwa imezimaliza, na mzee alihitaji kupimwa upya kama angeongezewa tena. Katika trei palikuwa na kichupa kimoja, kisicho na lebo.

"Una haki ya kutaka mtu mwingine," Sista Mkuu akamwambia mzee. "Ukitaka, nitakutoa damu mimi."

Fundi saa alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba kitanda cha saba kilianza kukohoa. Kisha akakunja mkono wa shati, polepole, mikunjo miwili, mitatu.

"Afanye yeye," akasema. "Ila nione."

Profesa alifunga mpira. Mikono yake mizito hakuiharakisha, maana hakukuwa tena na kitu cha kuficha. Damu ikaja. Akakitoa kichupa, akakishika juu mahali ambapo mzee angeweza kukiona, akachukua kalamu.

"Nitajie majina yako, mzee. Yote matatu."

"Si unayajua."

"Nayajua. Nitajie."

Mzee akayataja, moja moja, kama mtu anayehesabu vipuri kwenye kisahani. Profesa akayaandika, akayalinganisha na ya kwenye faili, akamwonesha. Mzee akavuta miwani yake, akasoma lebo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akairudia.

"Hiyo herufi ya mwisho haionekani vizuri," akasema.

Profesa akaiandika tena.

Alikipeleka kichupa mwenyewe hadi benki ya damu. Dirishani alikuwa mtu mwingine. Kitinda alikuwa nyuma kabisa, kwenye sinki, anaosha mirija ya vioo, kazi wanayopewa wanaoanza. Alimwona dada yake. Hakugeuka, wala hakumfukuza kwa macho. Aliendelea kuosha, na Profesa akasimama pale akisubiri risiti ya kichupa, kijitabu kitupu mfukoni, mpaka aliyekuwa dirishani akamwambia kwamba risiti ameshampa, iko mkononi mwake.